Kizimba cha Mama Devota

Mtu akinunua gari lisilo na paa kisha akaenda kuishi nalo Njombe, majirani wana haki ya kuuliza kama nyumbani kwake ni wazima. Njombe ya mwezi wa Juni, ambako hata kuku huchelewa kutoka bandani kwa baridi, si mahali pa kuendesha gari huku upepo ukikupiga utosini. Lakini kipenda roho hula nyama mbichi. Basil wa Mjimwema aliliona gari lile Dar es Salaam, mwaka ambao parachichi zake zilikuwa zimepata bei nzuri, na hapo hapo akili ikamhama. Lilikuwa dogo, jekundu, la milango miwili, na paa lake lilikuwa turubai jeusi ambalo ukilifungua linakunjwa na kulala nyuma ya viti. Kutoka Makambako mpaka Njombe alilikunja turubai kwa makusudi, akaendesha pua ikimchuruzika, huku akiwapungia mkono watu asiowajua.

Majirani waliliita Kikapu. Basil hakuona ubaya, kwa maana kikapu ni kitu cha heshima, hubeba chakula.

Mkewe, Scolastika, alilizunguka mara moja akauliza mvua ikinyesha inakuwaje. Basil akamwonyesha turubai. Akauliza tena, na likipinduka? Basil akamwambia gari halipinduki kama dereva ana akili timamu. Scolastika akamtazama kidogo, akapanda, na kwa miezi kadhaa wakawa wanatembea nalo wote wawili, yeye akisimulia habari za kila shamba walilolipita: nani kalima, nani kauza, nani kamwachia nduguye magugu. Basil alizipenda safari zile kuliko alivyolipenda gari, ingawa wakati ule hakujua.

Lilipinduka masika iliyofuata. Walikuwa wanatoka Lupembe kumwona dada yake Scolastika, na lori la majani ya chai lilikuwa limetangulia likaacha mifereji mirefu kwenye tope. Kikapu kikateleza taratibu, bila haraka yoyote, kikaegemea ukingo, kisha kikajigeuza juu chini kwenye shamba la chai. Chai ya pale ilikuwa imeshonana, ikakipokea. Wachumaji wakaja mbio wakawatoa kwenye mikanda. Basil hakuguswa hata unywele. Scolastika alishonwa utosini, na mpaka kesho yake alikuwa bado anachambua vijani vya chai kwenye nywele.

Baada ya hapo hakulipanda tena. Hakugomba, hakununa, aliendelea kumcheka na kumpikia kama kawaida, na jioni aliendelea kukaa karibu na jiko la mkaa akijipaka dawa ya kuchua shingoni, maana shingo ilikuwa ikimsumbua kwa miaka na yeye aliamini ni kuni alizobeba usichanani. Lakini Jumapili alitangulia misani kwa miguu, na Basil akafuata nyuma kwa gari, peke yake, mwendo wa kobe, kama anayesindikiza msiba. Alipomuuliza wataendelea hivyo mpaka lini, mkewe alimjibu bila kupandisha sauti.

"Baba Devota, kwenye gari lile kichwa changu ndicho paa. Sipandi."

Mambo yangebaki hapo, kama isingekuwa jubilei. Ndoa yao ilikuwa inatimiza miaka ishirini na tano, na parokiani jubilei ya ndoa si jambo la kunong'ona. Kamati ilikuwa imeshaundwa, kwaya imeshaanza mazoezi, na kila mwanakamati alichukulia kwamba wanajubilei watatoka kanisani ndani ya Kikapu kilichopambwa maua. Scolastika akawaambia kwa upole kwamba yeye atatembea. Siku ya harusi alikwenda kanisani kwa miguu na akaolewa vizuri tu, kwa hiyo hakuona sababu ya kubadili. Wanakamati wakacheka wakidhani ni utani. Basil hakucheka. Alijiona siku hiyo, amevaa suti, ameshika usukani, na mbele yake mkewe anatembea kwenye vumbi na gauni jeupe. Ilimuuma. Alimtaka mkewe kwenye kiti kile, na alimtaka apande kwa hiari yake, bila kusukumwa na kamati.

Dereva mmoja wa malori ndiye aliyemtajia Elieza. Huyu alikuwa fundi wa kuchomelea, karakana yake iko Makambako, nyuma ya pale malori yanapolala, na aliwahi kufanya kazi kwa watu wa mashindano ya magari. Alijua kutengeneza kizimba, ile fremu ya mabomba ya chuma inayowekwa ndani ya gari ili likipinduka lisimame juu ya chuma na si juu ya vichwa vya watu. Basil akasikia habari hiyo kama mgonjwa anayetajiwa dawa. Akaenda siku iliyofuata.

Elieza alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likiwa kali, maana upepo wa Makambako hauna adabu. Wakasalimiana kwa kamwene, salamu ya huko, kisha akalizunguka gari, akaingia chini yake, akatoka na vumbi mgongoni. Akaeleza kwamba gari lenye paa la bati hujishikilia lenyewe kidogo, lakini hili bila paa ni sanduku lisilo na kifuniko, kwa hiyo kizimba lazima kikanyage kwenye chasisi. Bati la sakafu halitoshi. Kungekuwa na matao mawili, moja nyuma ya viti na jingine kwenye kioo cha mbele, yaunganishwe juu ya milango, na mabomba mawili yaende nyuma kuegemeza. Hakutaka kusikia habari ya mabomba ya maji. Hayo, alisema, ni ya maji.

Kisha akauliza nani atakaa ndani. Basil akajibu ni yeye na mama. Elieza akamtaka amlete huyo mama.

"Mimi sipimi gari, mzee wangu," alisema. "Napima vichwa."

Hapa inabidi tumseme Basil, ingawa ni mtu mzuri. Scolastika alikuwa mrefu kuliko yeye. Alimzidi kiganja kizima, na wala urefu wenyewe haukuwa miguuni, ambako mtu angeweza kuusahau akikaa. Ulikuwa kiwiliwilini na shingoni. Siku ya harusi mpiga picha alimpandisha Basil ngazi moja ya kanisa na kumwacha bibi harusi chini, na picha ile ikatundikwa sebuleni, wawili hao wamelingana kama meno ya mbele. Tangu siku ile Scolastika hakuvaa kiatu cha kisigino. Tena alijizoesha, akisimama au akikaa kando ya mumewe, kuiinamisha shingo kidogo, na watu wa parokia waliisifu kwamba ni heshima na uchaji. Basil alijua ni nini. Hakuwahi kumwomba ainame, na hakuwahi kumwambia aache.

Basi alipoambiwa amlete, ulimi ukatangulia. Akasema hakuna haja ya kumsumbua, wao wawili wako sawa, fundi apime kichwa chake tu na kingine ni hicho hicho. Elieza akauliza katika ile ajali nani aliumia. Basil akamweleza: mke utosini, yeye hata unywele.

"Na mko sawa," alisema Elieza.

Basil akasema lile shamba la chai lilikuwa na mteremko.

Fundi akamtazama, akajikuna chini ya kofia. Kazi ilikuwa nyingi na jubilei ilikuwa karibu. Basil mwenyewe alikuwa na sababu nyingine ya kupenda kizimba kifupi: turubai. Kizimba cha kimo chake kingekaa chini ya turubai na paa lingeendelea kufungwa vizuri. Kikipanda zaidi, turubai halifiki tena kwenye kioo. Alijiambia ni kwa ajili ya baridi ya Njombe. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu nzuri.

Elieza alifanya kazi jinsi alivyofundishwa. Aliyajaza mabomba mchanga mkavu, akaushindilia kwa kugonga, akaziba ncha kwa mbao, kisha akayapasha moto na kuyapinda polepole, ili bomba lipinde bila kujikunja tumboni. Basil alikuwa akija kutazama na kukalia kiti chake apimwe. Juu ya kichwa chake fundi aliacha ngumi moja, ngumi ya mtu mzima, na hapo ndipo tao lilipopita. Mabomba yakasimama, sahani nene za chuma zikafungwa kwenye chasisi kwa bolti, cheche zikaruka, na mwisho kizimba kikapakwa rangi nyeusi na kuvalishwa sponji upande wa vichwa. Turubai likafungwa juu yake bila hata kukunjamana. Basil akalipapasa lile gari kwa furaha, akatoa ufunguo mfukoni.

Elieza akasema bado. Alikuwa na desturi yake, na kwa desturi ile hakuna gari lenye kizimba lililowahi kutoka uani kwake kabla kila abiria hajapita chini ya mwanzi. Aliuchukua pale ukutani: mwanzi mmoja mrefu, mkavu, ulionyooka. Huulaza kutoka tao la nyuma mpaka ukingo wa juu wa kioo cha mbele, na watu wakae vitini wamefunga mikanda. Ukilala bila kugusa kichwa, basi gari likipinduka ardhi itaishia pale pale ulipo mwanzi. Ukigusa kichwa, ardhi nayo itakigusa. Basil alikaa, mwanzi ukapita vizuri. Lakini fundi alisema gari lina viti viwili, na kiti cha pili hakiwezi kupita kwa maneno ya cha kwanza.

Kwa hiyo Scolastika alipigiwa simu. Alikuja kesho yake na basi la asubuhi, amejitanda shali ya sufu juu ya kitenge, viatu vya bapa miguuni. Hakuwa amelipanda gari, wala hakusema kwamba atalipanda, alikuja kutazama. Alikishika kizimba kwa mikono miwili akajaribu kukitikisa, na kilipokataa kutikisika akatabasamu. Akauliza mabomba yameshikwa wapi, akaonyeshwa. Akauliza kama hiki ndicho kitakachotangulia kugusa chini. Elieza akamjibu ndiyo, mama, kwa watu wote ambao mwanzi umewapita.

Scolastika akapanda. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu Lupembe, na Basil, aliyekuwa ameketi tayari nyuma ya usukani, alimwona akivuta pumzi kabla ya kufunga mkanda. Kisha mkewe akamgeukia, na kwa kuwa alikuwa kando yake, shingo ikainama. Haikuchukua hata muda wa kufikiri. Ilijiinamia yenyewe, kama mlango uliozoea.

Elieza akaulaza mwanzi. Ukapita. Kati ya mwanzi na kitambaa cha kichwani kulikuwa na nafasi ya kidole, si ngumi, lakini ulipita.

Fundi akainama kuangalia upande huu, akaenda upande wa pili. Akasema haoni kosa, ila angependa nafasi iwe kubwa zaidi kidogo. Akamuuliza mama kama amekaa vizuri. Scolastika akasema amekaa vizuri kabisa.

Basil alikuwa na ufunguo mkononi. Alichotakiwa kufanya ni kuwasha gari tu. Mkewe alikuwa kwenye kiti, mkanda umefungwa, amekubali. Jubilei ilikuwa Jumamosi. Turubai lilikuwa limefunga. Hayo yote alikuwa nayo na hakuna aliyekuwa akimdai neno. Akageuza macho, akaiona shingo. Aliiona kwa ubavu, ilivyopinda pale chini ya kisogo, mahali ambapo kila jioni ilipakwa dawa. Akauona na ule mshono utosini, umetokeza kidogo mbele ya kitambaa. Hofu ikamshika, hofu ya kweli, ambayo hata siku ya chai hakuwa nayo, kwa maana siku ile gari lilipinduka lenyewe na leo alikuwa analipindua yeye.

"Fundi, usiuondoe mwanzi," alisema. Kisha akamgeukia mkewe. "Nyoosha shingo, Mama Devota."

"Niko sawa."

"Hauko sawa. Inyooshe yote, kama unapokuwa peke yako."

Scolastika alimtazama. Basil hakukwepesha macho. Polepole mabega yakashuka, mgongo ukapanda, na shingo ile ikaanza kunyooka, ikaendelea kunyooka, mpaka utosi ukaugusa mwanzi, ukauinua kutoka kwenye tao na kuuacha umelala juu ya kitambaa chake, huku Elieza ameushikilia ncha moja. Hapo ndipo Basil aliuona urefu wa mkewe kwa ukamilifu, na akaona kwamba alikuwa amemjengea kizimba kinachomkinga yeye mwenyewe tu. Aliyehitaji kukingwa zaidi alikuwa amebaki nje, kama kule kwenye chai.

"Mke wangu ni mrefu kuliko mimi," alimwambia fundi. Ilikuwa sentensi fupi, lakini ilimchukua miaka. "Nilikudanganya. Kata."

Elieza akaushusha mwanzi. Njia ya mwongo ni fupi, na fundi angeweza kulisema hilo, tena alikuwa na haki, lakini aliishia kuguna. Akaeleza kwamba bomba la kizimba haliungwi kiraka, kwa hiyo matao yote mawili yatakatwa na kupindwa mapya. Akaeleza pia kwamba kwa kimo hicho turubai halitafunga tena.

"Lisifunge," alisema Basil.

"Njombe, mzee wangu?"

"Njombe."

Wakakaa kwenye benchi la karakana, wakaletewa chai na maandazi, huku msumeno wa umeme ukilia ndani na tao la kwanza likianguka sakafuni. Basil hakujua aanzie wapi. Akasema tu kwamba alijua, siku zote alijua, na alinyamaza kwa kuwa ilimfaa. Scolastika akatafuna andazi mpaka likaisha. Akasema na yeye alijua kwamba mumewe anajua, na mwanzoni aliinama kwa mapenzi, hakulazimishwa na mtu. Ila baadaye alisahau kuinuka. Kisha akacheka kidogo, akajishika kisogo.

"Na mimi nilikuwa nalaumu kuni za watu," alisema.

Basil naye akataka kucheka, lakini macho yalikuwa yamelowa, akasingizia moshi wa fundi.

Safari hii Elieza alimpima Scolastika kwanza. Alimkalisha wima, akaweka ngumi yake utosini, akachora alama kwa chaki, na Basil ndiye aliyeshika mwanzi. Kazi ikaisha Ijumaa mchana. Gari lilikuwa limeharibika umbo, tusifichane. Matao yalisimama juu marefu, meusi, na turubai lililokuwa fahari yake likabaki limekunjwa nyuma bila kazi. Walipokuwa wakiingia Mjimwema jioni ile, Scolastika amekaa kitini anasimulia habari za mashamba waliyoyapita, majirani walisimama kutazama, na kabla gari halijazimwa jina lilikuwa limeshabadilika. Lile halikuwa Kikapu tena. Lilikuwa Tenga, kama lile la kubebea kuku.

Jumamosi kulikuwa na manyunyu, jambo ambalo Njombe halimshangazi mtu. Kamati ilipendekeza wanajubilei wapande gari la mwenyekiti, lenye paa. Scolastika akashukuru, akasema wana gari lao. Maua yalifungwa kwenye mabomba, na mabomba yalikuwa mengi, kwa hiyo maua yalikaa vizuri kuliko ambavyo yangekaa mahali pengine. Wakaenda kanisani polepole, wamejifunika shali moja, manyunyu yakimfikia Scolastika kwanza kwa kuwa ndiye aliyekuwa juu. Alikuwa amekaa wima. Walipofika, kabla ya kushuka, alitoa kwenye mfuko viatu vipya vya kisigino, akavivaa, akamtazama mumewe. Basil akazunguka akamfungulia mlango.

Baada ya misa mpiga picha aliwapanga mlangoni mwa kanisa. Alikuwa kijana, lakini kazi alifunzwa na wale wale wa zamani. Akampima Basil kwa jicho, akamwomba apande ngazi moja.

"Hapana, mwanangu," alisema Basil. "Piga tulivyo."

Picha hiyo iko sebuleni kwao Mjimwema, karibu na ile ya zamani. Wageni wakizitazama husema hii ya pili mpiga picha amekosea, kwa maana bwana harusi anafika begani tu. Basil huwaambia hakukosea, ndivyo walivyo, kisha huwauliza kama wameshaletewa chai.